Usizioshe Alama

Nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili. Mama yangu, aliyenilea kule Murusagamba, huwaambia watu kuwa nilitoka tumboni nikimgombeza mkunga, na wanaonifahamu hawabishi. Ni ajabu basi kwamba kazi niliyoiangukia ni ya kuwalaza wagonjwa, kuwasogeza taratibu, nusu sentimita huku, nusu sentimita kule, na kuwaomba watulie.

Kazi yenyewe kwetu haina jina. Nikirudi likizo nikasema nipo kwenye mashine ya mionzi, watu wanasikia picha. Jirani mmoja alinijia akiwa amevaa shati jeupe la kuazima, anataka nimpige picha ya kitambulisho. Nilikaa naye nikamweleza kwamba mimi sipigi picha za nyuso, wala si za mifupa. Nawalaza wagonjwa wa saratani chini ya mashine kubwa, na mashine inatuma mionzi isiyoonekana kwenda kuuua uvimbe ulioko ndani ya mwili. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama basi ningeweza kumpiga akiwa amesimama.

Mashine hiyo haipo Ngara wala Biharamulo. Ipo Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa, na watu wetu husafiri kutwa nzima kuifikia. Wakishafika hukaa wiki tano au sita, maana mionzi hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa. Wengi wao hawajawahi kulala mbali na migomba yao muda mrefu namna hiyo. Ndiyo maana nikifungua faili nikakuta limeandikwa Runazi, au Nyakisasa, au kijiji chochote cha kule, naacha nilichoshika na kutoka mlangoni mwenyewe kumwita mgonjwa. Kama ni wa Ngara, namwita kwa Kihangaza.

Hivyo ndivyo nilivyomwita mama mmoja wa Nyakisasa. Alikuwa wa umri wa mama yangu, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, na ugonjwa wake ulikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Kabla sijafungua mdomo alipiga goti kidogo akaniamkia.

"Shikamoo, daktari."

"Mama, usinitafutie laana," nikamwambia. "Mimi si daktari, na shikamoo ni yako. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema, huku anacheka nyuma ya kiganja. "Nilikuwa naliamkia koti."

Nilimpenda hapo hapo.

Siku ya kwanza mgonjwa wetu hachomwi mionzi. Anapigwa picha za kupimia, daktari anaonyesha uvimbe ulipo, na mimi nachora alama tatu kwenye ngozi yake kwa kalamu ya wino mzito: moja chini ya kitovu, na moja kila upande wa nyonga. Kuanzia hapo, kila siku, mistari ya mwanga inayotoka ukutani lazima iangukie kwenye alama zile zile, ili mionzi iende palipo na ugonjwa na isiende kwingine. Zikipotea, sina uhakika tena nimlaze vipi. Kwa hiyo kila mgonjwa mpya namwambia: usizioshe alama. Na yeye nilimwambia.

Jumatatu ya wiki ya pili alikuja ananukia sabuni ya mche, ngozi inang'aa, tumbo safi kabisa. Hapakuwa na alama hata moja. Jana yake ilikuwa Jumapili, na yeye tangu azaliwe hajawahi kwenda misani bila kuoga akatakata. Asubuhi ile mashine ilikuwa imesumbua, foleni imefika hadi ukumbini, na mimi nilikuwa sijatia hata chai mdomoni. Nikamfokea, akiwa amelala pale kitandani, tumbo wazi.

"Mama, unadhani hapa tunacheza? Mara hii nimekusamehe. Ukizifuta tena, tunaanza upya! Siku zote ulizochomwa zitakuwa bure!"

Tulimpiga picha nyingine, nikachora alama nyingine, siku ya pili yake akaendelea. Kwangu yakawa yameisha.

Siku nne baadaye muuguzi wa wodi yake alikuja kwenye chumba chetu akicheka mpaka machozi. Wagonjwa wa wodini walikuwa wamelalamika. Mama wa Nyakisasa alikuwa hajaoga tangu Jumatatu, hata miguu. Alikuwa amekataa maji kabisa, anasema ameagizwa na binti wa mashine. Nikaenda na beseni na kitambaa, nikavuta pazia, nikamwonyesha namna ya kuosha mwili kwa kuzunguka alama bila kuzigusa. Tulicheka wote wawili. Hapo ndipo ningemwambia kweli, kwamba yale maneno nilimtishia tu. Nafasi ilikuwa pale, yeye ametulia, mimi nimemshika mkono wenye povu. Sikusema, kwa sababu niliona tishio linafanya kazi.

Wiki zilizofuata tukazoeana. Akiwa peke yake chini ya mashine, na sisi tumetoka nje na kufunga mlango mzito, alikuwa akisali Salamu Maria, na alijua mashine inachukua sala ngapi. Siku moja aliniambia kwa sauti ya kulaumu, "Leo mmezidisha mbili." Nikaenda kuangalia. Kweli, mashine ilikuwa imesimama katikati kidogo kisha ikaendelea. Nikawa namtania kwamba nitamwombea ajira kwetu. Alinieleza habari za mume wake, mtu mpole asiyependa kukimbizwa, anayeweza kusimama shambani asubuhi nzima akiangalia maharage kana kwamba yatamwambia kitu. Walikuwa wameishi pamoja miaka zaidi ya thelathini. Kila jioni alimpigia simu, na mazungumzo yao, kwa ninavyojua, yalikuwa juu ya mbuzi.

Alipokuwa amemaliza siku kumi na sita kati ya ishirini na tano, simu ikaja kutoka nyumbani. Mume alikuwa amerudi kutoka shambani anasema kifua kinabana, akaomba maji, akalala. Hakuamka.

Daktari alimpa ruhusa ya kwenda kuzika, arudi Jumatano. Nilimsaidia kufunga mkoba. Alikuwa mkavu, anakunja nguo moja moja kwa utaratibu. Nikamweleza polepole kwamba uvimbe ulioanza kupigwa ukiachwa katikati hupata nguvu tena, na kwamba kila siku anayoikosa ni siku anayoupa ugonjwa. "Nakuomba, mama. Jumatano."

"Jumatano, mwanangu," akasema.

Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Namba yake ya simu haikupatikana, na ile ya ndugu iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa na tarakimu pungufu. Wiki ikaisha.

Mimi ni mtu wa kule, nikajiona najua kila kitu. Kwetu mkizika hamshiki jembe. Mnakaa pamoja nyumba ya msiba mpaka siku ya kuondoa tanga. Siku hiyo asubuhi wanawake hushuka mtoni na mjane, wanamnyoa, wanamwosha mwili mzima kutoka kichwani hadi unyayoni, kisha ndipo watu wanarudi mashambani. Mjane akiondoka kabla ya hapo, ni kama amemtupa marehemu. Nikasema basi, wakwe wamemshikilia. Wamemkalisha kwenye mkeka wakati ugonjwa unakula. Hasira yangu ilikuwa inatafuta kichwa cha kuangukia, ikawapata.

Likizo yangu ilikuwa bado. Nikaomba ianze mapema.

"Unaenda kufuata mgonjwa?" mkuu wa kitengo akauliza.

"Naenda kumwona mama yangu," nikajibu, na ulikuwa ukweli nusu.

Nililala Biharamulo. Asubuhi nikapanda gari hadi Nyakahura, na kutoka hapo nikachukua pikipiki. Njia ile inajulikana, vumbi jekundu na makorongo, dereva anakwenda kwa kukwepa. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Niliwapanga wakwe mstari, nikamjibu kila mmoja hoja yake, nikashinda zote. Tulipofika Nyakisasa nikauliza nyumba ya msiba nikaonyeshwa.

Mtu wa kwetu aliyetulia angegundua tangu barabarani kwamba tanga lilikwishaondolewa. Watu walikuwa mashambani, uani hapakuwa na mabenchi, na majivu ya moto mkubwa wa msibani yalikuwa yameshazolewa. Mimi sikuyatazama hayo. Nilimwona mzee mmoja ameketi barazani anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Nikamwamkia, nikajitambulisha kwamba natoka hospitali ya Mwanza.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Umetoka mbari." Alitamka l kama r, kama wazee wengi wa kwetu.

"Kiti nitakaa baadaye, baba," nikasema, nimesimama na vumbi langu. "Nimekuja kwa ajili ya mjane wenu. Mmemshikilia hapa kwa sababu ya tanga, na ugonjwa haujui tanga. Mnataka kuzika wawili?"

Mtu huyo alikuwa amemzika mdogo wake siku zisizofika kumi na mbili. Aliweka ungo chini, akaokota haragwe moja lililodondoka, akalirudisha.

"Tanga turiondoa siku ya tatu," akasema. "Kwa ajiri yake. Desturi yetu ni zaidi ya hapo, na wazee wengine walinung'unika, nikawaambia shemeji yangu ana siku yake ya hospitari, aoshwe aende. Mke wangu alishafunga nguo za kumsindikiza. Shemeji akakataa. Kira siku namwambia nenda, anasema amemariza matibabu." Akaniangalia. "Sasa wewe ndiye wa hospitari. Tuambie. Amemariza?"

Nikakaa kwenye kile kiti. Hotuba yote ilikuwa imepotea. Nilimwambia hapana, baba, hajamaliza, bado siku tisa. Nikamwomba radhi kwa jinsi nilivyoingia. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi, akanielekeza nyuma ya nyumba.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, anamenya ndizi, kichwa kimenyolewa. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Aliniona, wala hakushtuka.

"Umekuja, mwanangu."

Nilichuchumaa mbele yake. Nikampa pole ya msiba, akaipokea. Kisha nikamuuliza kwa nini hakurudi, na kwa nini aliwaambia watu amemaliza.

Akaendelea kumenya. Alisema walipomshusha mtoni asubuhi ile aliwaambia wanawake kwamba tumboni pasiguswe, na wao wakakubali. Wifi yake, mke wa yule mzee, alimwosha kwa kuzunguka, kama nilivyomfundisha mimi. Wakamaliza. Wakataka kumvisha.

"Nikasimama pale kwenye maji," akasema, "nikajiangalia. Nikasema, huyu mtu nimekaa naye miaka yote hii, nimemzalia, na leo namuaga nusu nusu, nimejifichia kipande changu pembeni. Sikuweza, mwanangu. Nikachukua sabuni mwenyewe nikaosha. Nikasugua mpaka zikaisha zote tatu."

"Halafu?"

"Halafu nikajua nimeamua. Wewe ulishaniambia. Nikizifuta tena tunaanza upya, siku zote ni bure. Siku kumi na sita zile, za kuharisha, za kukojoa moto, za kulala peke yangu. Sina nguvu ya kuzirudia kutoka mwanzo. Ningewaambia nini hawa? Wangenilazimisha. Nikasema nimemaliza."

Nimewahi kukosea kazini. Kila anayefanya kazi hii amewahi, na ndiyo maana tunahakikiana kila hatua, mmoja anasoma, mwingine anaangalia. Lakini kosa hili hakuna aliyelihakiki. Halikuandikwa popote. Nililitoa mdomoni asubuhi ya Jumatatu, nikalisahau kabla ya saa nne, na huyu mama akalibeba hadi Nyakisasa akajihukumu kwalo kufa.

"Mama," nikasema, "si kweli."

Kisu kikasimama.

"Alama si kitu. Ni za kunisaidia mimi nisikosee kukulaza. Zikifutika tunapiga picha moja, nachora nyingine, unaendelea pale ulipoishia. Siku zako kumi na sita zimo ndani yako. Maji hayawezi kuzitoa. Zimebaki tisa, na daktari ataongeza chache kwa sababu ya siku ulizokaa huku, lakini si mwanzo. Si mwanzo hata kidogo."

"Unanifariji tu."

"Sikufariji. Siku ile nilikudanganya."

Alinikazia macho. "Ulinidanganya kwa nini?"

Nilitafuta sababu ya maana. Ningefurahi sana kuwa nayo. "Nilikuwa na hasira," nikasema. "Foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa sijanywa chai."

"Chai," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimekaa hapa nangoja kufa. Kwa sababu ya chai."

Hakucheka, na mimi sikuthubutu. Nilikuwa nimeshaanza kulia, nikifuta pua kwa mkono uliojaa vumbi, na yeye aliniacha nilie, haki yake. Baadaye alichukua upindo wa kitenge chake akanipangusa uso, kwa nguvu kidogo, jinsi mtu anavyompangusa mtoto aliyemchosha.

"Nikirudi nitapona?" akauliza.

Swali hili naulizwa kila wiki, na huwa nawapeleka kwa daktari. Siku ile sikuwa na wa kumpelekea. "Sijui, mama. Siwezi kukuahidi, nimeshasema uongo wa kutosha. Ninachojua ni kwamba daktari alisema uvimbe wako umewahiwa, na unaitikia matibabu. Ukirudi sasa, nafasi ni kubwa."

"Nafasi ya kuishi."

"Ndiyo."

"Mwaka?"

"Inaweza kuwa miaka, mama. Mingi."

Kisha akamwita wifi yake kutoka shambani, akamwita na shemeji yake kutoka barazani, wakaja wakasimama pale jikoni. "Waambie," akaniambia. "Yote. Na ile ya chai."

Nikawaambia. Nilisimama mbele ya watu wawili waliofupisha msiba wa ndugu yao ili mgonjwa wangu awahi hospitali, nikaeleza kwamba aliyemzuia asiende ni mimi. Nilisema nilimtisha kwa uongo, na kwamba njia ilikuwa wazi siku zote hizi. Wifi alijishika kiuno akaniangalia kutoka juu hadi chini, akasema neno moja la Kihangaza ambalo sitaliandika. Nililistahili. Mzee alimgeukia mjane wa mdogo wake.

"Umesikia, shemeji? Safari ipo."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaweka kisu juu ya maganda, akaweka ndizi aliyokuwa ameishika, akafuta mikono yake vizuri, kidole kwa kidole. Halafu akaanza kulia. Kilikuwa kilio kikubwa, cha tumboni, kilichomwinamisha mpaka paji la uso likagusa magoti. Mimi niliogopa nikadhani maumivu yamemshika. Wifi yake alikuwa ameshampigia magoti na kumkumbatia, na akaniambia kwa sauti ya chini, ukali wote umemtoka, "Mwache. Hajalia. Tangu alipofika mpaka tunazika, hajalia hata chozi. Tulikuwa tunaogopa."

Alilia muda mrefu. Maneno yalipotoka hayakunihusu mimi wala mashine.

"Nilimwambia atangulie," alisema. "Pale kaburini, walipokuwa wanafukia. Nilimwambia tangulia, nakuja nyuma yako, si muda. Nilimwahidi. Sasa kumbe nitabaki. Nitakaa humu ndani peke yangu miaka yote hiyo. Nitamwambia nini?"

Mzee alivua kofia yake, akasogea polepole kwa sababu ya magoti yake, akaketi chini kabisa, kwenye udongo, pembeni ya kigoda.

"Shemeji," akasema, "mdogo wangu wewe unamjua. Yure hakuwahi kuwa na haraka. Atangoja."

Tuliondoka kesho yake asubuhi.